Tenki limebadilishwa, mbona kisima bado kinanuka petroli?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Naishi Mbagala, Dar es Salaam, nyumba ya tatu kutoka sheli, kama mita 60 hivi. Tuna kisima cha pete za zege chenye kina cha mita 9, na majirani wengi wananunua maji kwetu kwa ndoo. Mwaka jana wakati wa masika maji yalianza kunuka petroli. Mwenye sheli hakukataa: alileta mafundi, wakafukua tenki la zamani lililokuwa limeliwa na kutu, wakaweka jipya, wakaondoka na lori mbili za mchanga. Kufika Agosti harufu ilikwisha, tukarudi kutumia maji. Masika ya mwaka huu imerudi, na safari hii hata kisima cha jirani aliye nyuma yetu kinanuka. Mwenye sheli anasema kazi yake aliimaliza, hayo ni mabaki tu. Mama mkwe anasema tuchemshe, mwenyekiti wa mtaa anasema tutie klorini, na mume wangu ameshaongea na fundi ashuke akisafishe kisima Jumamosi. Je, kisima kitapona? Na sisi tufanye nini?

JIBU: Dada yangu, kabla hujasoma zaidi mpigie fundi simu. Jumamosi asishuke. Wala siku nyingine yoyote, mpaka kisima kipimwe hewa kwa kifaa.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Ndani ya kisima haupandi ukatoka. Unajaa kuanzia chini, kama maji yanavyojaa kwenye ndoo. Anayeshuka anaweza kulegea kabla hajapata nafasi ya kuita, na anayeshuka kumwokoa humfuata. Tena mvuke huo ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa, unaweza kuwaka. Cheche ya pampu inatosha. Kwa hiyo pampu izimwe kwenye swichi kuu ndani ya nyumba, si pale kisimani, na jiko la mkaa lisikae upande ule wa ua. Watoto wasichungulie.

Nusa pia chooni na kwenye shimo la maji taka. Kama harufu ipo huko, ondokeni siku hiyo hiyo mkalale kwa ndugu, na mpige 114 kwa Zimamoto. Sikutishi. Aprili 1992, katika mji wa Guadalajara nchini Meksiko, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliingia katika mifereji ya maji taka. Wakazi walilalamika harufu kwa siku kadhaa. Kisha mitaa ikalipuka, na zaidi ya watu 200 wakafa.

Sasa maji. Mama mkwe na mwenyekiti wanashauri kwa nia njema, lakini ushauri wao ni wa maji yenye vijidudu. Klorini inaua vijidudu, na petroli si kijidudu. Shabu na mlonge vinatuliza tope tu. Kuchemsha ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu sehemu hatari ya petroli huruka mapema ikipata moto: utaitoa kwenye sufuria na kuijaza jikoni, ambako wewe na mtoto mgongoni mtaivuta. Kuoga maji ya moto ya kisima hicho ni hivyo hivyo. Msinywe, msipikie, msioge, na naomba sana msiwauzie watu tena. Wale waliokwisha kununua waambieni ukweli; najua ni kipato cha nyumba, lakini waambieni.

Kinachonisumbua ndani ya petroli ni benzini. Hapa nasema kemikali yenye jina hilo, kiungo kimoja tu kati ya vingi, ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Marekani wanaweka 5. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo tufanye hesabu ya hapa nyumbani. Chukua lita moja ya petroli ambayo asilimia 1 yake ni benzini. Ndani yake kuna karibu gramu 9 za benzini. Zikiyeyuka zote, zinatosha kufikisha takriban lita 880,000 za maji kwenye kikomo kile cha 10. Hayo ni maboza 88 ya lita 10,000, kwa lita moja ya petroli.

Na pua haitoshi kuwa mlinzi. Ile harufu mnayoijua ya sheli inatokana zaidi na ndugu za benzini, kama toluini na zailini, ambazo pua inazinasa zikiwa kidogo sana. Benzini yenyewe inaweza kuzidi kikomo mara nyingi bila mtu kuinusa. Kwa hiyo Agosti iliyopita mlirudi kwenye maji kwa kuamini pua. Sikulaumu hata kidogo, maana aliyepaswa kukwambia maji yapimwe kwanza ni yule aliyekuja na lori. Ila sasa lazima yapimwe.

Nije kwenye kiini cha swali lako, kwa nini harufu imerudi. Jaza kopo mchanga, lilowanishe kwa mafuta ya taa, kisha toboa matundu chini. Mafuta yatachuruzika, yatapungua kuwa matone, yataacha. Umwage mchanga ule: mikono yako itanuka mafuta. Sehemu imebaki imeng'ang'ania kati ya chembe na chembe, na uzito wake peke yake hauwezi kuitoa. Ndivyo ilivyo chini ya ile sheli. Petroli iliyovuja ilishuka, ikafika kwenye maji, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji ikaelea juu yake. Kiangazi maji ya ardhini yanashuka, nayo inashuka nayo. Masika yanapanda, nayo inapanda. Kila safari inapaka mchanga, kama brashi inayopandishwa na kushushwa ukutani. Baada ya miaka michache una tabaka zima, pengine la mita mbili au tatu, lililopakwa mafuta, na halipo chini ya tenki peke yake. Limesambaa kuelekea kule maji yanakoelekea.

Agosti maji yenu yalikuwa yameshuka chini ya sehemu kubwa ya tabaka hilo, kwa hiyo yaliyoingia kisimani yalipita penye mafuta machache. Masika yaliporudi, maji yakapanda tena ndani ya mchanga uliopakwa, yakaanza kuuosha. Mwenye sheli anaposema ni mabaki tu, hadanganyi, lakini mabaki ndiyo tatizo lenyewe. Lori mbili za mchanga ni kama shimo la tenki lenyewe na pembeni kidogo. Kilichofika chini na kando hakikuguswa.

Lipo jambo la pili ninalolishuku, na ningependa umuulize ana kwa ana, kwa upole: alipobadilisha tenki, alibadilisha na mabomba? Watu huona tenki lenye kutu wakadhani wamempata mwizi. Lakini kati ya tenki na pampu kuna mita nyingi za bomba zilizozikwa, zenye viungo kila baada ya hatua chache, zinazotikiswa na kila lori linalopita juu. Huko ndiko nimekuta uvujaji mara nyingi kuliko kwenye tenki. Miaka ya nyuma, katika mji mmoja wa pwani, tulitoboa matundu manne kuzunguka matenki ya sheli moja na yote yakatoka safi. Tulikuwa karibu kuandika ripoti ya kumwachia huru mwenye mali. Kijana mmoja wa pampu ndiye aliyetuambia kwamba chini ya pampu namba tatu zege huwa na unyevu hata jua likiwaka. Tuliinua kifuniko tukakuta kiungo kinadondosha, tone kwa tone. Tangu siku hiyo naanza na vijana wa pampu kabla ya kufungua sanduku la vifaa.

Tone kwa tone si kidogo. Kipimo cha kubana tenki na mabomba, yaani cha kuona kama vinavuja, kile kinachotumika Marekani, kinatakiwa kiweze kunasa uvujaji wa lita 0.38 kwa saa. Uvujaji huo ni lita 9 kwa siku, zaidi ya lita 3,300 kwa mwaka. Hesabu za daftari nazo hazitoshi. Kanuni za huko zinaruhusu tofauti ya asilimia 1 ya mauzo ya mwezi pamoja na lita 490 hivi kabla mtu hajalazimika kutoa taarifa. Sheli inayouza lita 150,000 kwa mwezi inaweza kupoteza karibu lita 2,000 na daftari likaonekana zuri. Hivyo mwenye sheli anaweza kusema kwa moyo safi kwamba hapotezi mafuta, huku anapoteza. Mwombe cheti cha kipimo cha kubana, cha tenki na cha kila bomba, chenye tarehe ya baada ya tenki jipya. Kama hakipo, kazi ianzie hapo. Kusafisha ardhi huku juu kunavuja ni kupiga deki na mfereji uko wazi.

Uchunguzi wa kweli ukoje? Kwanza hutobolewa matundu membamba ya kupima mvuke kwenye udongo, mengi na kwa haraka, ili kuona mvuke umekolea upande gani. Kisha huchimbwa visima vidogo vya uchunguzi. Visipungue vitatu, kwa sababu ukiwa na viwili hujui maji yanaelekea wapi. Ukiwa na vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, na umepima urefu wa maji katika kila kimoja kwa usawa mmoja, unaweza kuchora mteremko. Kimoja kiwe juu ya sheli, upande ambao maji yanatokea, kuonyesha kama uchafu unatoka mahali pengine. Vingine viwe kati ya sheli na nyumba zenu, na kimoja kupita nyumba zenu, kuonyesha umefika wapi. Katika kila kisima hushushwa kifaa kinachotofautisha mafuta na maji, kuona kama kuna petroli inayoelea na ina unene gani.

Hapa nakupa siri ambayo wakandarasi wa haraka hawaipendi. Vipimo vya msimu mmoja havitoshi. Petroli inayoelea mara nyingi huonekana kisimani maji yakiwa chini, kiangazi. Maji yakipanda inanaswa mchangani na kisima kinaonekana hakina kitu, wakati uchafu ulioyeyuka unaongezeka. Ukipima Aprili peke yake utasema hakuna mafuta. Ukipima Septemba peke yake utasema maji ni nafuu. Mimi sikubali ripoti yoyote ya Pwani ambayo haina angalau kipimo kimoja cha mwisho wa masika na kimoja cha mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za vuli.

Sampuli ya maji ya kisima chenu ichukuliwe hivi karibuni, na ichukuliwe na mtu wa maabara. Haifai kwenye chupa ya plastiki ya maji ya dukani, kwa sababu benzini inatoroka njiani na nyingine inaingia kwenye plastiki. Inatakiwa chupa ndogo ya kioo, ijazwe hadi pomoni bila povu hata moja la hewa, ifungwe, iwekwe kwenye kasha la barafu. Ulizeni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sema wazi mnataka benzini, toluini, ethilibenzini na zailini, kila moja kwa namba yake. Ukisema tu "pimeni maji", utapewa chumvi, uchachu na vijidudu, na karatasi itasema maji yanafaa. Ombeni na MTBE ipimwe. Hiyo ni kemikali iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli, inakimbia na maji bila kushika mchanga, na bakteria hupata shida sana kuila. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulilazimika kufunga visima vilivyoupa karibu nusu ya maji yake kwa sababu ya kemikali hiyo moja.

Jirani wa nyuma ni shahidi muhimu kuliko anavyodhani. Kama nyumba yake iko mbali zaidi na sheli kuliko yenu, uchafu umesonga mbele ndani ya mwaka mmoja, na pampu za mtaani zimeusaidia kusonga. Uchunguzi wa visa vingi vya sheli za California, uliotolewa na maabara ya Lawrence Livermore mwaka 1995, ulikuta kwamba mawingu mengi ya benzini chini ya ardhi, yaani maji yenye uchafu yanayosambaa kutoka sheli, hayakuzidi takriban mita 80, kwa sababu bakteria wa udongoni huyala pembezoni mpaka yakasimama. Wakandarasi wanapenda kuunukuu ili waseme tusubiri, ardhi itajisafisha. Lakini wingu linasimama kama hakuna anayelivuta. Mbagala karibu kila ua lina pampu, na kila pampu ni mdomo unaonyonya. Ndiyo maana nasema msivute maji kisimani hata ya kumwagilia bustani. Na msikifukie. Kisima kilichofukiwa hakipimiki, na ushahidi wenu utakuwa umezikwa nacho.

Kuhusu kusafisha, udongo wa kwenu unanipa matumaini. Sehemu kubwa ya Dar ni mchanga uliopitiwa na tabaka za mfinyanzi, na mchanga unapitisha hewa. Kwa petroli, ambayo huruka upesi, njia ninayoipenda ni kunyonya hewa ya ardhini: unachimba visima vifupi vinavyoishia juu ya maji, unaviunganisha na mashine ya kunyonya, mvuke unatolewa na kupitishwa kwenye mkaa maalumu wa kuchujia kabla hewa haijaachiwa. Na kwa vile tabaka lililopakwa hubaki wazi maji yakishuka, mashine ifanye kazi kwa nguvu zote kuanzia Julai hadi vuli zianze. Wapo wanaoifunga masika, maji yamejaa, ikanyonya hewa safi miezi mitatu, kisha wakaandika kwamba mvuke umekwisha.

Kwa kilichoko chini ya usawa wa maji, hewa hupulizwa kwa shinikizo dogo kutoka chini, mapovu yakapanda yakibeba petroli. Hiyo isifanywe kamwe bila mashine ya kunyonya juu yake, vinginevyo mvuke utasukumwa kwenye misingi ya nyumba zenu. Faida nyingine ya hewa ni kulisha bakteria. Kuvunja gramu moja ya benzini kunahitaji takriban gramu tatu za oksijeni, na lita moja ya maji ya joto letu haibebi zaidi ya miligramu 8 hivi. Yaani lita nzima ya maji yaliyoshiba oksijeni inaweza kumaliza chini ya miligramu 3 za benzini. Bakteria wapo tayari ardhini, wengi tu, ila wanakosa pumzi. Nikiletewa poda ya bakteria ya kumwaga ardhini na hakuna mpango wa hewa, naikataa.

Kuvuta maji, kuyachuja na kuyarudisha kunazuia wingu lisisonge, na hapo kuna thamani yake, lakini peke yake kunachukua miaka mingi. Kuchimba na kuondoa mchanga kunafaa pale uchafu ulipokolea, pembeni ya tenki na chini ya pampu iliyovuja, na ni lazima muambiwe mchanga huo umepelekwa wapi. Lori mbili za mwaka jana zilimwagwa wapi? Tafadhali uliza. Naogopa kusikia ziko kwenye msingi wa nyumba ya mtu.

Gharama si zenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inambebesha aliyechafua gharama ya kurudisha. Andikeni barua moja, wewe na jirani kwa pamoja, ipitie serikali ya mtaa na afisa mazingira wa manispaa, nakala kwa EWURA inayotoa leseni za sheli na kwa mamlaka ya mazingira ya taifa, ile wengi tumeizoea kwa jina la NEMC. Omba neno kwa neno "amri ya kurejesha mazingira", si "msaada". Bodi ya maji ya bonde lenu, Wami/Ruvu, nayo ijue. Fanyeni sasa wakati mwenye sheli bado anapokea simu zenu. Watu wa Thange, kule Kibwezi katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, walipoteza mto na visima vyao mwaka 2015 bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilipovuja, na kesi yao ilienda miaka na miaka. Sisemi hivyo kukuvunja moyo. Nasema kila tarehe iliyoandikwa mapema ina uzito baadaye.

Kitapona? Kwa mchanga na petroli, uvujaji ukizibwa kweli na mashine ikafanya kazi viangazi viwili au vitatu, ndiyo, nimeona visima vikirudi. Sitakuahidi kitarudi kuwa cha kunywa. Kwangu kisima kimepona pale benzini inapokuwa chini ya 10 katika vipimo vinne mfululizo, viwili vya masika na viwili vya kiangazi, mashine ikiwa imezimwa. Mashine ikiwa inawaka, namba huonekana nzuri kuliko ukweli. Ikizimwa, mchanga hutoa kilichobaki na namba hupanda tena. Kwa hiyo msikubali kusaini karatasi ya kumaliza kazi wiki ile mashine inapoondolewa. Sainini baada ya vipimo hivyo vinne.

Kwa leo, chukua daftari. Andika tarehe harufu ilipoanza mwaka jana, ilipoisha, ilipokuja tena. Siku lori zilipokuja. Nani alikunywa na kwa muda gani, hasa watoto na kama kuna mjamzito, na hao muwapeleke hospitali mkiwa na daftari hilo. Kila Jumapili, ukiwa umesimama pembeni na mfuniko umefunguliwa kidogo, shusha kamba yenye uzito mwishoni, pima maji yako mita ngapi kutoka mdomoni, uandike. Majibu ya maabara yakitoka, niandikie namba zenyewe, tarehe ya sampuli na kina cha maji cha siku ile.